Shangazi, mama amenitangaza sajini na mimi bado ni koplo

*Shikamoo shangazi. Mimi ni koplo jeshini, niko kazini mbali na Nairobi. Mke wangu na watoto wawili wanaishi Githurai, naye anauza mitumba sokoni. Nilipomdokezea mama kule Bungoma kwamba jina langu limependekezwa, alisimama kanisani akatangaza kuwa nimekuwa sajini. Sasa anaitwa Mama Sajini, na jana mtu asiyemjua amempigia simu akidai 40,000 za "kusukuma faili". Mdogo wangu anayekaa Zimmerman, ambaye nilimnyima pesa za bodaboda, naye ananiambia kila Jumatano alfajiri kuna gari aina ya Probox linalosimama mlangoni kwangu. Silali. Nataka kuomba ruhusa nikajionee, ila kozi ya kupanda cheo inaanza baada ya wiki tatu. Nifanyeje? – Koplo, mbali na nyumbani*

Marahaba mwanangu. Mpigie mama sasa hivi, mengine utayasoma baadaye. Mwambie asitume hata shilingi mia. Hakuna cheo kinacholipiwa kwa simu. Huyo mtu hana faili lolote mkononi, ana habari alizozipata pale pale kanisani. Kama mama ameshatuma, autume ujumbe huo wa M-Pesa kwenda 456 bila kuchelewa, maana pesa ikishatolewa hairudi kirahisi. Nambari ya tapeli aitume 333, kisha aende kituo cha polisi akaandikishe. Wewe usimpigie tapeli kumtisha. Atakurekodi, halafu atakuwa na sauti ya mwanajeshi akizungumzia pesa na cheo. Unajua hiyo ikifika kwa wakubwa wako itasomwaje.

Ukiwa bado naye kwenye simu, mwambie mama ukweli wote: "Mimi bado ni koplo, na kupendekezwa si kupewa." Usimgombeze. Mzazi akijivunia mwanawe hakosi, ila mwombe asitaje kambi uliko wala tarehe za kozi, na picha zako za sare ziondoke kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Hilo la picha linaweza kuhesabiwa kosa la kinidhamu, na litakuangukia wewe, si yeye.

Sasa cheo chenyewe. Pendekezo ni hatua ya kwanza tu. Unatakiwa ufaulu kozi, ripoti zako za mwaka ziwe safi, afya na mtihani wa mwili vikubali, na mwisho nafasi iwepo. Hiyo ya mwisho haimtegemei mtu kuwa hodari, na ndiyo inayowavunja wengi moyo: mtu amefaulu kila kitu, anaambiwa asubiri. Kwa hiyo usikope kwa kuhesabu mshahara wa sajini. Cheo ni chako siku kikitoka kwa maandishi, na deni linaloanza kukusumbua kabla ya hapo ni doa lingine kwenye jina lako.

Wiki tatu hizi zitumie vizuri. Nenda kwa sajini wa platuni yako umuulize waziwazi kama kuna jambo kwenye rekodi yako la kurekebishwa. Pitia tena usomaji wa ramani. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na gridi ya tarakimu sita, yaani namba ya kutaja mahali kwenye ramani, inakufikisha ndani ya mraba wa mita 100. Kosa la kawaida si kutojua, ni kugeuza: mtu anasoma mistari ya mlalo kabla ya ile ya wima, na anajikuta ameelekeza kikosi upande mwingine kabisa. Anayefanya hivyo mara nyingi ni yule ambaye hajalala. Mbio nazo usizizidishe kwa pupa, goti likivimba leo hutapona kufikia kozi.

Haya, Probox. Umeandika kwa mkono wako kwamba mkeo anauza mitumba. Belo la mitumba ni kilo 45 hivi. Anayetaka nguo nzuri hufika soko la Gikomba kukiwa bado giza, mabelo yakifunguliwa, kwa sababu kufikia saa mbili asubuhi, nguo zilizobaki ni zile ambazo wenzake wamezikataa. Nitajie kondakta wa matatu za Thika Road atakayempakia mwanamke na mzigo huo bila kelele. Wauzaji wengi huchanga nauli wakakodi gari moja, na gari hilo huwapitia mlangoni. Sijui ya nyumbani kwako, lakini Jumatano alfajiri inanuka soko kuliko mapenzi.

Muulize mkeo mwenyewe, jioni watoto wakishalala, na usianze na jina la mdogo wako. Anza na biashara: siku hizi unanunua mzigo siku gani, unafikaje, nauli ni ngapi? Mwenye gari atatajwa bila wewe kumdai. Ukisikia majibu yanayokinzana, mwambie kilichokufikia na umwache ajieleze. Usitume mtu wa kumchunguza. Mpelelezi wa mtaani hulipwa kwa alichokiona, basi lazima aone kitu.

Ikiwa baada ya hapo bado huna amani, ongea na kasisi au imamu wa kikosi, halafu uombe ruhusa kwa njia inayotakiwa, kupitia wakubwa wako, ukieleza kuwa ni ya kifamilia. Wakikunyima, baki. Kuondoka kambini bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Jeshi ya mwaka 2012, na hapo hutakuwa unazungumzia usajini tena, utakuwa unautetea ukoplo.

Pesa za nyumbani zipitishe palipo na ushahidi: kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba, karo kwenye akaunti ya shule, na za matumizi kwa mkeo tarehe ile ile kila mwezi. Atakayesema "anakula jasho lako" atakuwa na kazi ya kueleza analolisema, na wewe utakuwa na taarifa ya M-Pesa unayoipata kwa *334#.

Na huyo mdogo wako, mpe jibu moja tu kuhusu bodaboda. Kama ni hapana, iwe hapana ya mwaka mzima. Kama ni ndiyo, wekeni kiasi na tarehe ya kulipa kwa maandishi, mkeo akijua. Naona umemwacha katikati, na mtu aliyeachwa katikati huwa na muda mwingi wa kuhesabu magari ya watu Githurai.