Rais mpya, kuku wale wale

Maswali ya wasomaji

SWALI: Jambo Mama. Ninauza kuku wa barafu na samaki wa mpiodi soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Katoni zangu nyingi zimeandikwa Brazili. Kila kule wakikaribia kura, nyumbani kwangu ni vita. Mume wangu anasema, kati ya marais wao, Lula ni mtu wa Afrika, Bolsonaro hakututaka. Kijana wangu anayesoma chuo kikuu anasema wote ni wamoja, wanabadilisha maneno tu. Sasa kuna kura ya mwezi wa 10, 2026. Rais mpya wa nchi kubwa kama ile anabadilisha nini hasa kwetu sisi wa mbali? Nijue kama niweke akiba mapema.
Mama wa mapaja, Kenya

JIBU: Mama mwenzangu, akiba ya kuku usiiweke kwa ajili ya kura. Umeme wa mtaa wako ukikatika siku 2, utalia wewe, Lula hatalia.

Umemwuliza mtu aliyekula vumbi la Kasumbalesa miaka 17, nikitangaza mizigo ya watu duane, yaani forodha. Kontena za baridi zilitufikia kutoka Walvis Bay, kule Namibia, zikipitia Zambia. Usiku kucha mashine zake zinanguruma, na asubuhi mlango ukifunguliwa kwa ukaguzi, ule moshi mweupe wa barafu unakupiga usoni mpaka miwani haioni kitu. Nilikuwa naifuta kwa kitenge, kisha naisoma katoni ya mbele: Produto do Brasil. Pembeni kuna muhuri mfano wa yai, ndani yake herufi S.I.F. na namba ya kiwanda. Ndio alama ya wakaguzi wa nyama wa serikali yao. Nilianza kuusoma muhuri ule Lula akiwa rais. Akaja Dilma Rousseff, akaja Temer, akaja Bolsonaro. Namba za viwanda zilibadilika, yai lile lilibaki.

Kwa hiyo kijana wako ameshinda? Subiri kwanza. Baba yake naye ana haki yake.

Lula alipoingia 2003, mwaka ule ule wa kwanza alizunguka São Tomé, Angola, Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini. Mwaka 2005 alisimama kisiwa cha Gorée, Senegal, akaomba msamaha kwa ajili ya utumwa. Mwaka 2007 alifika Brazzaville, ng'ambo tu ya mto kutoka Kinshasa. Balozi za Brazili barani zikaongezeka karibu maradufu, zikapita 30. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini hesabu nayo ilikuwepo: Brazili inatafuta kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama, na Afrika ina kura zaidi ya 50 katika Umoja wa Mataifa. Na makampuni yake yalikuwa yanatafuta pa kuchimba. Ukisimama Kasumbalesa ukatazama upande wa Zambia, mji wa mbele ni Chililabombwe. Pale Vale, kampuni ya madini ya Brazili, iliingia na wenzake wa Afrika Kusini kufungua mgodi wa shaba wa Lubambe. Dereva mmoja wa Kitwe alikuwa anakuja ofisini kwangu akinisalimu "bom dia", yaani habari ya asubuhi, amejifunza neno moja, analitumia asubuhi, mchana na usiku.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mume wako huiruka. Dilma alikuwa wa chama kile kile cha Lula. Mwaka 2013, akiwa Addis Ababa, serikali yake ilitangaza kusamehe au kupanga upya madeni ya nchi 12 za Afrika, dola karibu milioni 900, majirani zetu Zambia na Tanzania wakiwemo. Lakini safari zilishapungua, na pesa ya kutembea nayo Afrika ilikuwa inakauka. Bei za madini na mafuta zikaanguka, na wakubwa wa makampuni ya ujenzi wakaanza kuitwa mahakamani kwao kwa rushwa. Vale waliuza sehemu yao ya Lubambe mwaka 2017. Bolsonaro hata kugombea urais alikuwa bado. Mimi ndiyo maana nikisikia "rais fulani ametupenda", nauliza kwanza: shaba ilikuwa bei gani mwaka ule?

Bolsonaro alipoapishwa mwezi wa kwanza 2019, maneno yaligeuka kweli kweli. Waziri wake wa mambo ya nje, Ernesto Araújo, alitaka nchi ishikamane na Marekani ya Trump. Mwaka 2020 balozi zao za Freetown, Sierra Leone, na Monrovia, Liberia, zilifungwa, na Brazili ikajitoa CELAC, umoja wa majirani zake. Lula aliporudi 2023 aliirudisha nchi CELAC mwezi ule ule alioapishwa, na mwezi wa 8 alikuwa Luanda. Kalamu inafungua, kalamu inafunga.

Ila kuna hadithi moja ya kuku, na hii uisome mezani wote wakiwepo. Bolsonaro aliahidi katika kampeni kuhamisha ubalozi wa Brazili kutoka Tel Aviv kwenda Jerusalem, kama alivyofanya Trump. Makanisa yaliyompigia kura yalifurahi. Wafugaji, ambao nao walimpigia kura, jasho likawatoka. Hakuna nchi inayouza nje kuku wengi kama Brazili, tena wa halali, na wanunuzi wakubwa wa halali ni Waarabu. Kabla hata hajaapishwa, Misri iliahirisha ziara ya waziri wa mambo ya nje wa Brazili. Mwezi wa kwanza 2019 Saudi Arabia iliondoa viwanda kadhaa vya kuku katika orodha yake. Walisema ni mambo ya kiufundi, na sisi wa duane tunajua "mambo ya kiufundi" hutamkwa vipi. Mwisho wa yote Brazili ilifungua Jerusalem ofisi ya biashara tu. Ubalozi haukuhama. Mwezi wa 10 mwaka huo huo Bolsonaro mwenyewe alikuwa Abu Dhabi, Doha na Riyadh, anatabasamu. Kuku wa namna ile ile unaowakata mapaja pale Kenya ndio waliomgeuza rais shingo.

Kwa China ilikuwa hivyo hivyo. Mgombea aliyefika Taiwan 2018 na kusema Wachina wanainunua Brazili yenyewe, mwaka uliofuata alikwenda Beijing, na mwezi wa 11 akampokea rais wao Xi Jinping kwa mkutano wa BRICS, umoja wa Brazili, Urusi, India, China na Afrika Kusini, nyumbani kwake Brasília. China ndiyo mteja wao wa kwanza tangu 2009: soya, chuma, mafuta. Mteja wa namna hiyo unaweza kumtukana kwenye kampeni, dukani unamwekea kiti.

Ukitaka kuogopa kitu, ogopa mafua ya ndege. Mwezi wa 5, 2025 yaligunduliwa katika shamba moja la kibiashara kule Rio Grande do Sul, na nchi nyingi, China mbele, zikasimamisha kununua kuku wa Brazili. Kwa kuku, shamba moja lile lilifanya kazi ambayo kura ya 2018 na kura ya 2022 hazikufanya.

SWALI: Mama, baba yangu kila siku anamkumbuka jenerali Mbrazili wa 2013 hapa Goma. Nasikia baadaye alikuwa waziri wa Bolsonaro. Imekuwaje, kama Bolsonaro hakuijali Afrika?
Mwanafunzi, Goma

JIBU: Mwanangu, baba yako anamsema Carlos Alberto dos Santos Cruz. Mwezi wa 8 mwaka ule nilikuwa kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, kule Goma, nimekuja kwa siku 4 tu za matanga. Mizinga ilikuwa inalia upande wa Kibati, mabati yanatetemeka, na yaya anaendelea kuchagua maharage, akisema hii ya leo ni yetu, si ya wao. Alikuwa anaitambua kwa sauti. Santos Cruz ndiye aliyeongoza majeshi yote ya Monusco, askari wa Umoja wa Mataifa hapa Kongo, pamoja na ile brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliyopewa ruhusa ya kushambulia kwa azimio 2098 la Baraza la Usalama. Mwezi wa 11 waasi wa M23 ya wakati ule wakavunjika. Ya baadaye unayajua kuliko mimi, unayaishi.

Kabla ya kwenu alikuwa Haiti, ambako Brazili iliongoza askari wa Umoja wa Mataifa tangu 2004 mpaka 2017. Lula alianza, Dilma akaendelea, Temer akafunga. Santos Cruz alikuwa waziri kwa Bolsonaro miezi 6 tu, tangu mwezi wa kwanza 2019 mpaka wa 6. Aligombana na watu wa karibu wa rais, akatolewa. Lakini hebu angalia Monusco yenyewe: tangu 2018 makamanda wa majeshi wamekuwa Wabrazili, mmoja akimpokea mwenzake, chini ya Temer, chini ya Bolsonaro, chini ya Lula. Hakuna aliyewaita nyumbani. Hamu ya kile kiti cha kudumu si ya chama kimoja, na jeshi lao linapenda heshima ile.

Nikuongezee moja. Mwaka 2022 na 2023 Brazili ilikuwa na kiti cha muda katika Baraza la Usalama. Katikati rais akabadilika. Chini ya wote wawili, katika Mkutano Mkuu ilipiga kura ya kulaumu Urusi kwa kuingia Ukraine, na chini ya wote wawili ilikataa kuiwekea Urusi vikwazo. Sababu iko shambani: mbolea ya soya na mahindi yao, kiasi kikubwa inatoka Urusi. Bolsonaro alikuwa Moscow siku chache kabla ya vita. Na soya ile na mahindi yale ndiyo chakula cha kuku wa yule mama wa Kenya hapo juu.

SWALI: Je, nchi ikishakaribishwa BRICS, serikali mpya inaweza kukataa?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Inaweza, tena haraka. Mwezi wa 8, 2023 Argentina ilikaribishwa pamoja na Misri, Ethiopia na wengine. Indonesia, chini ya Joko Widodo, ilisema bado inafikiri. Halafu serikali zikabadilika kote kuwili. Indonesia, chini ya Prabowo, ikaingia mwezi wa kwanza 2025. Argentina, Javier Milei aliapishwa tarehe 10 mwezi wa 12, 2023, na tarehe 29 barua yake ya kukataa ikatangazwa. Siku 19. Kontena la kuku, tangu lipakiwe Brazili, halijawahi kunifikia Kasumbalesa kwa siku 19.