MRI ya uga mdogo wa sumaku: pale inapoishinda ile kubwa

Ndugu uliyeuliza kwa nini hospitali inunue mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) ya Tesla 0.55 ilhali zipo za Tesla 1.5 na 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), nakujibu kama mtu anayewalaza wagonjwa katika mashine za aina zote mbili. Ni kweli, kama ulivyosema, kwamba sumaku yenye nguvu zaidi hutoa ishara nyingi zaidi za kutengenezea picha, na kwa kiungo kidogo kama kifundo cha mkono sijaona kinachoifikia Tesla 3. Tatizo ni kwamba ishara haiongezeki peke yake; kasoro nazo huongezeka.

Linalonisumbua zaidi kazini ni metali. Mgonjwa mwenye nyonga bandia au skrubu za uti wa mgongo akipigwa picha kwenye Tesla 3, metali huvuruga uga unaoizunguka na kuacha doa kubwa jeusi lenye kingo nyeupe zilizopinda, mahali hasa ambapo daktari wa upasuaji anataka kujua kama skrubu imelegea au kama pana usaha. Mvurugiko huo hukua kadiri uga unavyokua, kwa hiyo kwenye Tesla 0.55 hupungua sana, na mara nyingi nimeiona tishu iliyo karibu kabisa na metali ambayo mashine kubwa ilikuwa imeifunika. Mapafu nayo hufaidika kwa sababu hiyohiyo: kila hewa inapokutana na tishu uga huvurugika na ishara hufifia upesi mno, lakini uga ukiwa mdogo ishara hudumu muda wa kutosha kunaswa.

Kuna pia suala la joto. Nishati ya mawimbi ya redio inayofyonzwa na mwili hupanda takriban kwa mraba wa nguvu ya uga, kwa hiyo ukishuka kutoka 1.5 hadi 0.55 kwa vipimo vilevile, hupungua zaidi ya mara saba. Hata hivyo, na hapa naomba wenzangu wawe waangalifu, kipandikizi kilichothibitishwa kwa Tesla 1.5 hakihesabiwi kuwa salama kwenye 0.55 moja kwa moja, kwa kuwa masafa ya mawimbi hubadilika na waya ulioko mwilini unaweza kupata joto kwa namna nyingine. Someni cheti cha kipandikizi chenyewe.

Kelele za mashine hupungua pia, na watoto hulala kwa urahisi zaidi. Sumaku nyingi za zamani zinahitaji zaidi ya lita 1000 za heliamu ya kuzipoza, ilhali zipo za Tesla 0.55 zinazotumia chini ya lita moja na hazihitaji bomba la kutolea gesi nje ya jengo. Mashine ndogo ya ubongo ya Tesla 0.064, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2020, husukumwa kwa magurudumu hadi kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi. Sumaku yake ni ya kudumu, haihitaji heliamu kabisa, ingawa pia haizimiki.

Gharama ya haya yote ni muda. Ukitaka kuongeza ubora wa ishara mara mbili kwa kurudia upigaji, unahitaji muda mara nne, na programu za kusafisha picha zinapunguza pengo hilo bila kuliziba. Kuzima ishara ya mafuta ya mwilini, ili isifiche ugonjwa, nako ni kugumu zaidi, kwa kuwa masafa ya ishara za maji na mafuta hutofautiana kwa takriban hezi 80 tu, badala ya 220 za Tesla 1.5.

Kwa kituo kinachopokea zaidi wagonjwa wa migongo, magoti na vipandikizi, ningechagua 0.55 bila kusita. Kwa uvimbe mdogo wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo au uchunguzi wa kina wa tezi dume, hapana. Muuzaji akija na picha zake nzuri, mwombeni picha za mgonjwa mwenye metali, pamoja na dakika zilizotumika kwa kipimo kizima.