Kreti ya bia begani

Mhariri, wiki hii umeuliza kama ni haki mwajiri kuchungulia kurasa za mtu mitandaoni kabla ya kumpa kazi. Nijibu mimi, maana nimechungulia sana.

Nilikuwa afisa utumishi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Tukawa tunatafuta karani wa stoo. Barua zilijaa boksi zima, nami badala ya kuzisoma nikashika simu, nikaanza kutafuta majina Facebook na Instagram. Kuna binti wa Igoma, vyeti safi kabisa. Nikamkuta pichani: sketi fupi ya njano, kreti ya bia begani, anacheka, nyuma yake ziwa na mawe yetu yale. Barua yake nikaitoa. Sikumwambia mtu.

Baada ya miezi kama minne nikaenda harusini Kirumba. Aliyekuwa anahesabu vinywaji, kreti zinazoingia na chupa tupu zinazotoka, daftari mkononi, kalamu inaning'inia shingoni kwa uzi, ni yuleyule, na sketi ileile. Mwanakamati mmoja akataka kumzungusha kreti mbili. Binti akafunua daftari, akamwekea kidole kwenye sahihi yake mwenyewe. Kumbe ile njano ni sare. Nilimnyima ukarani wa stoo kwa picha aliyopigwa akiwa kwenye kazi ileile ya kutunza mali ya watu!

Kuchungulia kwenyewe sina ugomvi nako. Ulichoanika hadharani kitaonekana. Shida ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Aliyekwisha kuajiriwa ana pa kushika: Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka aelezwe tuhuma zake na apate angalau saa 48 za kujiandaa, na akiona kaachishwa kwa uonevu ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwombaji huambiwa "tutakupigia", basi.

Lakini waajiri nao wasionewe. Kijana wetu mmoja alijirekodi akicheza ndani ya chumba cha kukatia minofu, kofia kaivua ili nywele zionekane, samaki mezani nyuma yake, akarusha TikTok. Wengine wakaona utoto. Sisi tuliokuwepo mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili kwa tuhuma za uvuvi wa sumu, hatukucheka. Akaitwa, akajieleza, akapewa onyo la maandishi. Stetasi zake za Simba na Yanga, na mafumbo kwa mama mkwe, hayo yalikuwa yake na hatukuyagusa.

Yule binti nilimweleza kila kitu siku ileile, palepale harusini, huku jasho likinitoka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, baba," akasema, akafunua daftari. "Meza yenu mmeshachukua ngapi?"