Mtoto wa darasa la pili: chenji kwanza, kibubu baadaye

Dada, umeuliza kama umnunulie mwanao wa darasa la pili kibubu, maana hela ya shule unayompa hairudi hata mia. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi na nyumbani nina wangu wawili, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla ya kibubu, angalia hela yenyewe unampaje. Sarafu moja ya 500 kwake ni hela moja tu. Akifika kwa mama wa mihogo imekwisha: mihogo, ubuyu, barafu, basi. Mpe 500 hiyohiyo ikiwa 200 mbili na 100. Hapo ana kitu cha kubakiza. Mwanangu mdogo alianza kurudi na ile 100 bila kuambiwa, kaifumbata mkononi tangu getini. Ila asishinde njaa ili ajaze kopo, darasani tunawaona hao, wanasinzia kabla ya saa sita. Kama hali ni ngumu, hela ya kula iwe ya kula, akiba itoke kwenye anayopewa na wajomba au ya sikukuu.

Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari hadi Desemba ni cha watu wazima. Kwa mtoto wa miaka saba, Desemba ni mbali mno. Tumia kopo linaloonyesha ndani, aone sarafu zinavyopanda, na achague mwenyewe kitu atakachokipata ndani ya wiki chache: mpira, rangi za kuchorea. Siku ikifika nendeni dukani, ahesabu yeye, amkabidhi muuzaji yeye. Hata kama unaona heri angenunua soksi, nyamaza.

Na hili naomba ulishike sana: usikope humo. Si ya nauli, si ya umeme, hata kama utarudisha jioni. Nikizungumzia akiba darasani, wapo wanaosema wazi, "Mama anachukua." Mtoto huyo habakizi tena, na ana akili zake: anajua iliyokwisha kuingia tumboni haikopwi na mtu.

Benki ije baadaye, kopo likishazoeleka. CRDB wana Junior Jumbo, NMB wana Mtoto Akaunti; mzazi ndiye anayesimamia mpaka mtoto afike miaka 18. Ulizia masharti tawi lililo karibu nawe, kisha uende naye, azipeleke sarafu zake dirishani mwenyewe.