Kabla hujahesabu minara, tafuta makaburi

Kama ndiyo kwanza unaanza jiografia ya utamaduni, chukua kosa langu ulifanyie kazi. Nilipotumwa uwandani kueleza jinsi dini inavyoumba mandhari ya mji, nilirudi na orodha ya minara, misalaba na makuba. Msimamizi akaipitia, akauliza swali moja: "Wafu wako wapi?" Sikuwa na jibu.

Jengo la ibada hata mpita njia analiona. Wewe tafuta yale ambayo dini imeyapanga bila kuyawekea kibao. Beba dira. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea Kaaba, hivyo kaburi lake hukingama kibla; msikiti ukishabomoka, makaburi bado yatakuonyesha uelekeo. Makanisa mengi ya kale nayo yaliweka madhabahu upande wa mashariki. Sasa tazama Hagia Sophia, Istanbul: kanisa lililokamilika mwaka 537, likageuzwa msikiti 1453, likawa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mihrabu yake haikukaa katikati ya tao la madhabahu. Imesogea kidogo kulia, na mistari ya zulia inakata sakafu mshazari, kwa sababu waliojenga hawakuwa wakielekea Makka. Mimi zulia lile linanivutia kuliko kuba lenyewe.

Majina ya watakatifu kwenye ramani utayaona tu, hayahitaji somo. Namba je? Salt Lake City, mji ulioanzishwa na Wamormoni mwaka 1847, mitaa yake inahesabiwa kuanzia kona ya uwanja wa hekalu. Asiye na dini yoyote akitaja anwani yake, anataja umbali wake na hekalu.

Angalia na miti. Nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, misitu mingi ya asili iliyosalia ni vipande vidogo katikati ya mashamba, na ndani ya kila kipande pana kanisa.

Ila usiandike kana kwamba dini huumba tu, yenyewe haiguswi. Waparsi wa Mumbai, wafuasi wa dini ya Zoroasta, huacha maiti kwenye minara ya ukimya, ambako zamani waliliwa na tai. Dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, diklofenaki, iliwaua tai waliokula mizoga yao, wakatoweka karibu wote. Pale minarani vikafungwa vioo vya kukusanya joto la jua.