Kutembea na Watoto Mtwara na Lindi: Fuata Maji na Msimu wa Mikorosho

Ndugu na marafiki wanaopanga kuja Kusini pamoja na watoto wao huniuliza kwanza waende wapi. Mimi huwauliza kwanza wanakuja lini, kwa sababu katika mikoa ya Mtwara na Lindi ufukwe uleule unaweza kuwa mahali pazuri pa kuchezea mtoto wa miaka minne asubuhi na ikifika alasiri ukawa maji ya kifua cha mtu mzima, na shamba lilelile la mikorosho linalomfurahisha mtoto mwezi wa Novemba halimfai kabisa mwezi wa Julai. Nimeishi Mtwara miaka mingi, nimelea watoto hapa na nimepokea wageni wengi wenye watoto. Familia ninazoziona zikiondoka zimefurahi ni zile zilizopanga siku zao kwa kufuata kupwa na kujaa kwa bahari pamoja na msimu wa mikorosho, kisha ndipo zikachagua mahali pa kwenda.

Nianze na bahari. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni, na kwa mwenye watoto hakuna mpangilio bora kuliko huo. Asubuhi watoto hutembea juu ya mwamba na mchanga ulioachwa wazi, wakitazama kaa, viti vya pweza (wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota) na samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi, huku kina mama wa kijijini wakipita na fimbo zao kutafuta pweza mashimoni. Mchana hula na kulala, na wanapoamka maji yameshafika ufukweni, nao huoga bila kutembea mbali. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: bahari haitoki mbali, na wakati wa kujaa huangukia asubuhi, hivyo oga mapema na usiahidi watoto matembezi ya mwambani. Mvuvi yeyote atakwambia maji yatakuwaje kesho, na ni vizuri watoto wenyewe wakamwamkia na kumuuliza.

Kwenye mwamba kila mtoto avae viatu vya plastiki vyenye kushika mguu, kwa kuwa kuna wanyama weusi wenye miiba mirefu ambayo hukatikia nyayoni na kuuma kwa siku kadhaa. Asitie mkono katika shimo asiloliona ndani, na konokono hai au kiti cha pweza kikishatazamwa kirudishwe majini palepale kilipotolewa. Jambo ambalo wageni hawalitambui ni kwamba maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hutangulia kujaza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, na mfereji uliouvuka ukiwa umelowa kifundo tu cha mguu unaweza kumfika mtoto kiunoni kwa muda mfupi. Kwa hiyo mara tu uonapo maji yameanza kusogea, geukeni wote, hata kama mtoto analia kwamba hajamaliza kutazama kaa wake.

Kwa familia inayofika kwa mara ya kwanza ningependekeza Mikindani, umbali wa kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Ghuba yake imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, hivyo mawimbi ni madogo, na mji wenyewe unaweza kuzungukwa kwa miguu na mtoto asichoke. Kuna milango ya nakshi, nyumba kongwe za mawe na boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli. Hapa pia ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Watoto wakubwa wataona kwamba mji huu ulihusika na biashara ya watumwa, na watauliza. Naamini mzazi anapaswa kuwajibu kwa ukweli unaolingana na umri wao, pale pale walipo.

Msangamkuu, kijiji cha pwani ng'ambo ya maji, panafikiwa kwa kivuko kutoka Mtwara mjini, na kwa watoto wengi kivuko chenyewe ndicho safari. Kipindi cha kusi, yaani upepo wa kusini, hasa kati ya Juni na Septemba, upepo huongezeka kadiri siku inavyosonga, hivyo safari zozote za majini zifanyike asubuhi. Msimbati ni mbali zaidi, kusini-mashariki ya mji, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuna ada ya kuingia. Mchanga wake ni mweupe na mrefu, lakini kuna sehemu ambapo kina huongezeka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa hiyo muulize mwenyeji mahali pa kuogea kabla mtoto hajavua nguo. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita katika bahari hii. Ukiwa na mtoto mwenye subira, keti naye ukatazame upeo wa macho.

Sasa nije kwenye mikorosho, ambayo wageni wengi huipita kwenye gari kana kwamba ni msitu wa kawaida. Mti huu uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na leo ndio uchumi wa mikoa hii. Katikati ya mwaka mikorosho hutoa maua, na wakulima hupulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Vumbi la salfa huwasha macho na kukereketa kifua, kwa hiyo watoto wasipelekwe mashambani katika miezi hiyo. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ndipo shamba hugeuka kuwa mahali pa watoto, kwa sababu korosho iliyokomaa huanguka yenyewe na kazi ya kuvuna ni kuokota chini. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuifanya sawasawa na mtu mzima, tena ana faida ya kuwa karibu na ardhi.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba, mfike asubuhi kabla ya jua kali, na mpe kila mtoto kikapu chake. Bibo, yaani tunda la mkorosho, likiwa limeiva huwa jekundu au la manjano, laini, limejaa maji, na korosho imening'inia chini yake kama figo ndogo ya rangi ya kijivu. Mwenyeji atawaonyesha watoto jinsi ya kushika bibo kwa mkono mmoja na kuizungusha korosho kwa mkono mwingine hadi ikatike. Mtoto akishafaulu mara ya kwanza hataki kuacha. Bibo linaliwa palepale: lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, ni tamu, lakini hukaba koo kidogo, na maji yake yakidondokea nguo huacha doa lisilotoka kwa sabuni yoyote, hivyo wavikeni nguo za zamani.

Onyo kubwa linahusu ganda. Korosho ghafi ina mafuta makali ndani ya ganda lake, na mtoto akiing'ata midomo na ulimi huungua vibaya. Mweleze hilo kabla ya kumpa kikapu, kwa maneno mafupi, na urudie. Kama wenyeji wanachoma korosho, watoto wasimame mbali na upande moshi usikoelekea. Ni jambo la kupendeza kulitazama: korosho humwagwa kwenye karai juu ya moto, mafuta ya ganda huanza kuchuruzika na kushika moto yenyewe, mwali huruka juu, na mchomaji hukorogakoroga kwa mti mrefu, kisha humwaga zote chini na kuzizima kwa mchanga. Zikipoa hupasuliwa moja moja kwa kugongwa kwa kijiti, na punje ikitoka nzima hushangiliwa. Kazi hiyo ya kubangua wanaoijua wana mikono myepesi mno, na mtoto aliyejaribu kupasua tatu tu ataelewa kwa nini korosho si kitu cha bei ya karanga.

Ndugu zangu wa Dodoma, waliozoea mashamba ya zabibu na mvinyo wake, huniuliza kama kwetu kuna kinywaji cha shambani. Kipo, nacho ni uraka, unaotokana na maji ya mabibo yaliyokamuliwa na kuachwa yachachuke. Katika msimu utawaona watu wamekaa kivulini na vyombo vyao, mazungumzo yakiendelea. Mtu mzima anayetumia vileo anaweza kuonja kwa wenyeji anaowaamini, lakini wenye watoto ningewaomba waende asubuhi, wakati mabibo yanapokamuliwa, na si jioni. Maji ya mabibo yaliyokamuliwa muda huohuo mtoto anaweza kuyanywa. Yaliyokaa hayamfai, kwa maana katika joto letu huanza kuchachuka baada ya saa chache tu, na kwa kutazama huwezi kutofautisha. Pombe kali inayokenekwa kutokana na mabibo mwiache kabisa, wakubwa kwa wadogo.

Kwa upande wa Lindi, safari ninayoipenda kuliko zote kwa watoto wanaosoma shule ya msingi ni Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Kibali hupatikana Kilwa Masoko, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa mashua. Magofu haya, pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Usimmwagie mtoto tarehe zote. Mpe mambo matatu au manne ya kushika. Mwambie kwamba Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji huu. Msimamishe chini ya kuba za Msikiti Mkuu aone dari iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mpeleke Husuni Kubwa, kasri ya sultani iliyo juu ya mwamba wa bahari, akahesabu pembe nane za birika lake la kuogea. Kisha mweleze kwamba Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, na kwamba mwaka 1944 sarafu chache za Kilwa ziliokotwa katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia. Jinsi zilivyofika huko bado ni fumbo, na nimewaona watoto wakibishana juu ya fumbo hilo njia nzima ya kurudi. Songo Mnara ina uzuri wake, ila mwendo wa mashua ni mrefu, nami nisingempeleka mtoto wa chini ya miaka minane.

Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, ni ya watoto wakubwa wenye mapenzi ya mijusi ya kale. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na mmoja wao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Kilimani penyewe hakuna mifupa ya kutazama, na barabara ni ngumu, hasa wakati wa mvua, kwa hiyo simulizi lazima litangulie safari. Mimi husimulia juu ya wapagazi waliobeba mifupa hiyo vichwani hadi bandari ya Lindi, na juu ya msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake uliheshimiwa na wanasayansi, na ambaye mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Ningependa kila mtoto wa Lindi alijue jina hilo kabla hajajua la mnyama yeyote wa kwenye filamu.

Mkiwa na siku ya ziada, pandeni Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, mkaone genge la Shimo la Mungu na bonde la Ruvuma likienea hadi Msumbiji. Hakuna ukuta pembeni mwa genge, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono muda wote.

Jambo la adabu lisisahauliwe. Vijiji vya pwani yetu ni vya Waislamu kwa sehemu kubwa, na nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Watoto wafundishwe kuwaamkia wazee shikamoo kabla ya kuuliza chochote. Mkisikia ngoma za jando au unyago, msisogee na simu kupiga picha, kwa kuwa wale ni watoto wa watu wakiwa katika shughuli yao ya heshima, si maonyesho.

Kwa chakula, watoto wengi wageni hupenda ming'oko ya kuchemsha, ambayo ni mizizi ya porini, pamoja na samaki wa kukaanga na madafu. Kuhusu korosho za kubeba nyumbani, msinunue ghafi kwa mkulima njiani. Korosho ghafi huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na minada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima hupeleka mazao ghalani na kupewa stakabadhi), na ununuzi wa pembeni, unaoitwa kangomba, ni kosa. Nunueni zilizobanguliwa kwa kina mama wanaozibangua wenyewe, mwonje kabla ya kulipa, na mzihifadhi katika chombo kisichopitisha hewa. Mtoto ambaye hajawahi kula korosho apewe kipande kidogo kwanza na aangaliwe, kwa sababu kuna watoto wenye mzio nazo, na walio chini ya miaka mitano wapondewe ili wasipaliwe.