Maswali ya Wasomaji: Jiko la Mtumba la Kuchomea Nyama kwa Gesi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua jiko la gesi la kuchomea nyama kutoka kwa familia ya Kimarekani iliyokuwa ikihama Dar es Salaam kurejea kwao. Lina mabomba manne ya moto, kifuniko kizito na vimeza viwili vya ubavuni. Lilikaa uani chini ya turubai kwa muda mrefu bila kutumiwa; ndani limejaa mafuta yaliyoganda, wavu umeota kutu, na kifuniko kinabambuka rangi kwa upande wa ndani. Nakusudia kuchoma mishkaki na kuku wa kuuza nyakati za jioni. Fundi wa mtaani kwetu ameniambia nilisugue, nilipake rangi, nifunge mtungi na kuliwasha. Je, hiyo inatosha? — Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Haitoshi, mama, na zaidi ya hapo fundi wako ameanzia mwisho. Kutu na mafuta ni mambo yanayoonekana, kwa hiyo ndiyo yanayomshughulisha kila mtu, ilhali jiko la gesi lililokaa bila kutumiwa huharibika kwanza pale ambapo gesi inapita. Usinunue hata msasa kabla hujaikagua njia hiyo kutoka kwenye mtungi hadi kwenye tundu la mwisho la moto, kwa sababu huenda ukagundua kwamba jiko halifai kufufuliwa, na ukaokoa fedha zako.

Anza na aina ya gesi. Nyuma ya jiko, au ndani ya mlango wa kabati la mtungi, kuna bamba dogo lenye maandishi. Ukiona herufi LP au neno propane, jiko limetengenezwa kwa gesi ya mitungi kama tunayotumia. Baadhi ya majiko ya Marekani, hata hivyo, hutengenezwa kwa gesi asilia inayofika nyumbani kwa bomba, gesi ya jamii ileile inayochimbwa Songo Songo. Kwa ujazo uleule, gesi ya mtungi ina nishati karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia, kwa hiyo nozeli za jiko la gesi asilia, yaani vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia gesi kwenye kila bomba la moto, zina matundu makubwa zaidi. Ukilifungia mtungi bila kubadilisha nozeli, moto utapanda kupita kiasi, utakuwa wa njano na kujaa masizi, na unaweza kumfikia aliyesimama mbele yake. Nozeli hizo haziwezi kuzibwa kidogo wala kurekebishwa kwa nyundo. Ni lazima zitafutwe nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya jiko hilo. Zikikosekana, mimi ningeliuza jiko kama chuma chakavu bila kusitasita.

Tukichukulia kwamba jiko lako ni la gesi ya mtungi, hatua inayofuata ni kuondoa mpira na regulata vilivyokuja nalo na kuvitupa, hata kama vinaonekana vizima. Regulata ya Kimarekani haivai mitungi yetu, na mpira uliokaa nje kwa miaka unaweza kuwa na nyufa usizoziona kwa macho. Nunua mpira mpya wa gesi wenye tarehe iliyochapishwa, pamoja na regulata ya kawaida ya nyumbani inayolingana na mtungi utakaoutumia. Majiko ya Marekani hutumia mgandamizo wa takriban milibari 28, ambao uko karibu sana na ule wa regulata za nyumbani. Namba hiyo kwa kawaida hupigwa juu ya regulata yenyewe. Jihadhari na regulata ya mgandamizo mkubwa, ile yenye swichi ya kuzungusha ambayo mama lishe na wakaanga chipsi hufunga kwenye majiko yao ya chuma. Wauzaji huisifu kwamba inaongeza moto, na ni kweli inaongeza, lakini swichi na viungo vya jiko lako havikutengenezwa kuhimili mgandamizo huo.

Mpira wetu huvalishwa kwenye shina na kukazwa kwa kibano, wakati bomba la jiko lako huenda likaishia kwenye kiungo cha shaba chenye nyuzi na mdomo uliochongoka. Mwombe muuza vifaa vya gesi akupe kiungo chenye nyuzi hizohizo upande mmoja na shina la mpira upande wa pili. Kiungo cha namna hii huziba kwa chuma kukaa juu ya chuma, hivyo hakihitaji ule utepe mweupe wa mafundi bomba, na fundi anayeuzungushia kwa wingi mara nyingi anaficha kiungo kisicholingana.

Sasa ondoa wavu, kisha vile vibati vilivyoinama kama paa vinavyokinga moto usidondokewe na mafuta, hadi uyafikie mabomba ya moto. Chomoa bomba moja, ulielekeze kwenye mwanga, na uchungulie kupitia mdomo mpana unaovaa nozeli. Katika jiko lililolala muda mrefu utakuta utando mweupe wa buibui, na pengine udongo wa nyigu uliokauka ukaziba nusu ya njia. Kizuizi hicho ndicho hatari kuliko kutu yote unayoiona, maana gesi ikishindwa kupita mbele hurudi nyuma na kuwaka chini ya swichi, mahali ambapo mkono wako upo. Pitisha brashi ndefu ya kuoshea chupa hadi itoke safi. Matundu ya ubavuni yasafishe moja moja kwa kijiti cha meno. Nozeli zenyewe zipulize tu, usizichokonoe kwa waya, kwa kuwa tundu lake likipanuka hata kidogo, kipimo cha gesi kimepotea. Pale ambapo kutu imeyaunganisha matundu mawili au matatu kuwa mpasuko, bomba hilo limekwisha. Wakati wa kurudisha, hakikisha kila nozeli imeingia ndani ya mdomo wa bomba lake, si kando.

Usafi sasa una maana. Kile unachokiona kama rangi inayobambuka ndani ya kifuniko, kwa kawaida si rangi. Vifuniko vingi havipakwi rangi kwa ndani. Hayo ni mafuta na moshi uliogeuka kaboni na kujimenya kwa magamba. Yakwangue kwa kipande cha plastiki kigumu, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, na usipake kitu chochote. Epuka kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, pamoja na dawa kali za kusafishia oveni zenye kostiki, kwa sababu masanduku ya majiko mengi ni ya alumini, na kostiki huila alumini. Trei na mfereji wa mafuta vioshe mpaka chuma kionekane, maana moto mwingi wa ghafla kwenye majiko haya huanzia kwenye mafuta yaliyolundikana humo. Ukitaka kupaka rangi, paka upande wa nje tu, kwa rangi ya kupuliza inayostahimili joto, kama ile wanayopaka mafundi magari kwenye ekzosi.

Kabla ya kuwasha, funga swichi zote za jiko, fungua mtungi, na upake povu zito la sabuni ya vyombo kwenye regulata, urefu wote wa mpira na kila kiungo. Povu likitulia, ni salama. Likianza kuota mapovu yanayokua polepole mahali pamoja, funga mtungi na ukaze au ubadilishe kiungo hicho. Asije mtu akakuonyesha ujuzi wa kupitisha njiti ya kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika mashimoni, kwa hiyo jiko lisikae karibu na mfereji wa maji machafu wala ndani ya kibanda cha mabati kilichofungwa. Washa jiko kifuniko kikiwa wazi daima. Moto usiposhika ndani ya sekunde chache, funga gesi na usubiri dakika 5 kabla ya kujaribu tena. Moto mzuri ni wa bluu wenye ncha ndogo za njano.

Kwa kuwa nia yako ni biashara, piga hesabu ya gesi mapema. Bamba likiandika BTU 40,000, kipimo cha joto ambalo jiko hutoa kwa saa, huo ni uwezo wa karibu kilowati 12. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina takriban kilowati-saa 13, maana yake mabomba yote manne yakiwaka kwa nguvu zote yanakula karibu kilo moja kwa saa, na mtungi wa kilo 6 unaishia kwenye saa 6 na ushee. Kwa kuku wa nusunusu, washa mabomba mawili tu, weka nyama upande usio na moto na ufunge kifuniko. Huko ndiko jiko hili linakoushinda mkaa. Kwa mishkaki peke yake, nakueleza bila kuficha kwamba jiko lako la mkaa linaweza kukupa faida kubwa zaidi.

SWALI: Nyavu za jiko langu zimelika kwa hewa ya chumvi. Fundi wa kuchomelea amesema atanitengenezea nyingine kwa waya wa galvanaizi, usioshika kutu. Nikubali? — Msomaji wa Nyali, Mombasa

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Galvanaizi ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 hivi. Ikipata moto mkali chini ya chakula hutoa mvuke usiofaa kuvutwa wala kuliwa. Mwambie atumie fito za chuma kisichoshika kutu zinazotumika kwa vyombo vya chakula, hata kama bei itapanda, au fito za chuma cheusi kitupu zilizosuguliwa vizuri, ambazo utazipaka mafuta ya kula na kuzichoma mpaka ziwe nyeusi, kisha kuzipaka tena kila baada ya kutumia. Na wavu wowote utakaokuwa nao, usiusugue kwa brashi ya waya iliyochakaa: nyuzi zake hukatika, hunasa kwenye nyama, na wapo watu waliofanyiwa upasuaji baada ya kuzimeza.

SWALI: Jiko langu la mabomba manne limekarabatiwa vizuri, lakini nikiyawasha yote, baada ya nusu saa moto unadhoofika na mtungi wa kilo 6 unaota umande wa baridi. Je, regulata ni mbovu? — Msomaji wa Njiro, Arusha

JIBU: Yaelekea regulata haina kosa. Ndani ya mtungi gesi imo katika hali ya kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, ambalo inalichukua kutoka kwenye ukuta wa mtungi. Mtungi mdogo una ukuta mdogo, na mabomba manne yanadai mvuke haraka kuliko joto linavyoweza kuingia, hasa jioni za baridi za Arusha na mtungi ukikaribia kuisha. Usiusogeze karibu na moto, usiumwagie maji yanayochemka, na usiulaze, kwa sababu ukilala kimiminika chenyewe kinaweza kuingia kwenye mpira. Tumia mtungi wa kilo 15, pamoja na regulata yake, kwa kuwa ile ya kilo 6 haiuvai. Kabla ya kununua, fanya kipimo hiki: washa mabomba mawili tu kwa muda uleule. Moto usipodhoofika, tatizo ni ukubwa wa mtungi. Ukidhoofika vilevile ilhali mtungi bado una gesi ya kutosha, hapo ndipo ubadilishe regulata.